Neno la Shilingi Hamsini

Kwenye baraza ya Posta, Barabara ya Digo,
taipu yangu ina m iliyovunjika mguu,
na bei nimeziandika kwa chaki ubavuni mwa meza:
barua ya kawaida, mia mbili;
yenye neno zito la Kizungu, ongeza hamsini.

Maneno hayo nayaweka daftarini.
Mengine niliyatoa kwenye magazeti yaliyofungia njugu,
mengine vinywani mwa mawakili wakishuka ngazi za korti.
Nayapenda yakiwa marefu, yakiwa na miiba,
yakimfanya karani wa kaunti akune kichwa
kabla hajagonga muhuri.
Maana?
Maana niliikisia.

Akaja Bi Mwanaesha wa Kibokoni,
mkononi leseni ya mgahawa iliyokwisha tangu Machi.
"Andika," akasema, "kwamba pangu pamechangamka.
Asubuhi watu wavuma kama nyuki, sufuria zalia,
watoto wa skuli wagombania mahamri.
Ni kelele tupu, lakini kelele za kheri.
Tia na lile neno lako la hamsini."

Nikafungua daftari, nikaliona: *noisome*.
Nikasikia kelele ndani yake.
Si lina noizi mbele kabisa,
kama jina juu ya mlango wa duka?
Nikaligonga herufi kwa herufi,
ile m ikasimama humo kwa mguu mmoja,
na mimi nikaegemea kiti, nimeshiba.

Siku ya tisa akafika Bwana Mwakio wa afya,
leso puani, glavu mikononi,
nyuma yake vijana wawili na pampu ya dawa.
Akainua vifuniko. Akachungulia mtungi.
Akainamia mfereji kama aliyepoteza pete.
Akakuta iliki.
Akakuta tui likichemka, mbaazi,
na unga ukiumuka polepole chini ya kitambaa.
Akaketi, akala mahamri sita, ndipo akatoa barua mfukoni:
"Mama, nani alikwambia useme pako panavunda?"

Bi Mwanaesha hakupiga kelele.
Alasiri aliiweka ile barua juu ya taipu yangu,
akainyoosha kwa kiganja.
"Nimekupa sauti," akasema,
"wewe ukaniandikia uvundo."

Usiku nikapanda hadi Tudor kwa mwalimu Anselmi, aliyestaafu,
mwenye kamusi iliyoliwa na mende kuanzia A hadi D.
N ilikuwa imesalimika.
Tukasoma pamoja, kioo chake cha kukuzia kikitetema:
lenye kunuka; lenye kuchafua roho.
Na kelele? Hakuna undugu.
Wamefanana sura tu, yeye na noizi,
kama watu wawili waliovaa kanzu za fundi mmoja.

Nikajicheka njia nzima, kisha nikaona haya.
Mimi, niliyenyonya lugha
inayotenga sifa na tusi kwa irabu moja:
sema asumini lako lanukia, utachumiwa kikuba;
sema lanuka, dirisha litafungwa.
Shemeji yetu mmoja wa bara, siku ya harusi,
alimsifu biarusi kwa moyo mweupe kabisa,
akasema ananuka.
Tulimcheka mpaka biriani ikapoa.
Alicheka nasi, kidogo,
halafu jioni nzima akanyamaza.
Sikuwahi kumwambia kosa lilikuwa wapi.

Asubuhi nilifuta chaki ya hamsini.
Sasa meza yangu yasema:
neno zito, rudi kesho.
Wengine wanakasirika, wanahamia kwa Mzungu wa Kilifi
(si Mzungu, jina lake tu), aandikaye papo hapo
chochote kinachong'aa.

Bi Mwanaesha nilimwandikia upya, bila malipo.
Nikatia neno fupi la herufi nne,
analolijua hata mtoto wa darasa la pili,
wala ile m kilema haikuitwa.
Nikamrudishia na hamsini yake.
Akaihesabu, sarafu kwa sarafu.
Akaipokea barua, akaikunjua,
na kabla ya kuitia mkobani
akainusa.